Al-Inkishafi Darasani Kimisagara: Je, Uchaji Huishia Moyoni?

Mshairi amchaye Mungu apimwe kwa kipimo gani? Swali hili limetujia tulipoutafakari upya ukawafi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, huku tukimfikiria mwalimu atakayeusomesha Kimisagara, mjini Kigali, mbali na bahari. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Yafaa basi tujiulize tunawapelekea vijana wa huko hazina gani.

Sifa ya ukawafi huu inajulikana. Mshairi anauhoji moyo wake mwenyewe: kwa nini unaishikilia dunia ilhali dunia ni mazigazi, ni kisima kisicho salama ukingoni? Kisha anauonyesha majumba ya Pate, yaliyokuwa na taa na vyombo vya kaure, sasa yakiwa makao ya popo na bundi. Lakini wahakiki wanaouita utungo huu maombolezo ya mji wanaiona nusu tu ya jambo. Tazama vina vyake. Katika kila ubeti mishororo mitatu hubadili kina, bali wa nne hurejea kina kilekile toka mwanzo hadi mwisho. Mambo ya dunia hugeuka, ahadi haigeuki. Hapo umbo lenyewe limekuwa ibada, na uthabiti wa imani umesemwa pasipo kutajwa.

Hata hivyo hatuna budi kusema pia upungufu wake. Beti za mwisho zauorodheshea moyo mioto ya Jahanamu kwa majina. Moyo unaogopeshwa upate kuokoka. Jirani hana nafasi kubwa katika wokovu huo. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, alikwenda njia nyingine. Kwake dini hushikwa kwanza, kisha yafuata adabu, ulimi mwema na radhi za watu. Twaweza kutokubaliana naye juu ya kiasi cha utii anaomdai mke kwa mume. Lakini kwake uchaji una watu ndani yake.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwanafunzi wa Kimisagara hahitaji kupelekwa Pate ili aone kuta zilizoachwa ukiwa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama vile Nyamata na Ntarama, kusini ya Kigali. Miongoni mwa wauaji walikuwamo watu waliosali humo. Upande wa pili walikuwako Wakristo na Waislamu, wakiwamo wa Nyamirambo, walioficha majirani zao kwa kuhatarisha roho. Na katika kila dini walikuwako pia walioshindwa mtihani huo. Wote walikuwa wamefundishwa kuiogopa Jahanamu. Kwa hiyo hofu peke yake haikutosha kuilinda ahadi.

Je, tuuache ukawafi huu? La, hasha. Mtu aliyemficha jirani yake alikuwa amekwisha kujibu swali la Sayyid Abdalla: alikuwa ameiona dunia, na uhai wake mwenyewe pamoja nayo, kuwa ni kitu kisichofaa kushikiliwa kuliko haki ya Mola. Moyo usiojihoji hauwezi kufungua mlango usiku wa hatari. Kosa letu walimu ni kuusomesha utungo kana kwamba mahojiano hayo ndiyo mwisho wa safari.

Tunashauri basi tungo hizi mbili zisomwe pamoja, Al-Inkishafi kwanza, Mwana Kupona baadaye. Wa kwanza huuliza moyo umeshika nini. Wa pili huuliza mkono umetenda nini. Mwanafunzi atakayeyajibu maswali yote mawili atakuwa ameifahamu fasihi yetu ya dini, na pengine zaidi ya fasihi.