Mashindano ya Programu za Bao: Anza na Mwamuzi

Ukialikwa kutazama wanafunzi wakishindanisha programu za kucheza michezo, iwe Kijitonyama walipo COSTECH na ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iwe Chang'ombe upande wa Temeke, ipite meza ya vikombe. Projekta nayo isikubabaishe. Omba kuonyeshwa mwamuzi, yaani ile programu inayopokea hatua za washindani wawili, kuamua ipi halali na ipi si halali, na kuandika matokeo. Waandaaji wengi humwandika mwamuzi usiku wa mwisho, na hapo ndipo mashindano yanapoharibikia.

Tuchukue bao. Drafti ni tamu, lakini kwa kompyuta habari yake ilishaisha: mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Kanada walitangaza kwamba drafti ya Kiingereza, pande zote zikicheza bila kosa, huishia sare. Awari ya Afrika Magharibi, ndugu wa bao, ilimalizwa na John Romein na Henri Bal wa Uholanzi mwaka 2002. Nayo ni sare. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, bado linamtoa mwanafunzi jasho. Tena lina faida nyingine kwa mji huu: ukihitaji mtu wa kuikosoa programu huhitaji profesa, nenda kijiweni.

Shida ni kwamba kila kijiwe kina sheria yake, hasa kuhusu nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji. Mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 zikiwa nyumbani, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza moja moja. Umekula, kete ya mwisho imeangukia nyumbani: unalala, yaani zamu inaishia hapo, au unasafiri, yaani unazichota na kuendelea? Na nyumba iliyopungua chini ya kete 6 bado ni nyumba? Waandaaji makini hugawa mapema mikao migumu ya namna hii, kila mmoja na jibu lake, ili mwanafunzi aipime programu yake akiwa kwao Mbagala kabla ya siku yenyewe. Karatasi ikisema tu "sheria za kawaida za bao zitatumika", tegemea ugomvi kabla ya chakula cha mchana.

Kisha uliza swali ambalo mimi hulitumia kama kipimo: hatua isiyokwisha mnaifanyaje? Katika bao, kete ya mwisho ikiingia shimo lenye kete, mara nyingi unazichota na kuendelea, na ipo mikao ambayo mzunguko huo haukomi kamwe. Tom Kronenburg, Jeroen Donkers na Alex de Voogt waliandika makala kuhusu jambo hilo hilo mwaka 2006. Kijiweni mkono unachoka na watu wanakubaliana. Kompyuta haichoki, itazunguka huku ukumbi mzima ukidhani programu inawaza. Mwamuzi mzuri ana kikomo cha hesabu, kimetangazwa mapema, na adhabu yake inajulikana. Ukijibiwa "hiyo haijawahi kutokea", basi hawajachezesha mechi za kutosha.

Muda ni pale fundi anapoonekana. Kila programu kuendeshwa kwenye kompyuta ya mwenyewe ni kushindanisha pochi za wazazi. Zote zikae kwenye mashine moja. Hata hapo kuna mtego: umeme ukikatika, kompyuta mpakato ikaingia kwenye betri, mara nyingi prosesa hupunguza mwendo ili kubana chaji. Programu iliyokuwa ikitazama hatua 8 mbele sasa inatazama 6, na mwanafunzi anajilaumu kwa kosa la TANESCO. Ndiyo maana napenda waandaaji wanaotoa kikomo kwa idadi ya mikao inayopimwa badala ya sekunde. Wengine hurudia mechi tangu mwanzo umeme ukirudi; si vibaya.

Sasa idadi ya mechi. Programu mbili zisizo na bahati nasibu ndani yake, zikianza mkao ule ule kwa zamu ile ile na kupewa kikomo hicho cha idadi ya mikao, zitarudia mchezo ule ule hata mara 100, kwa hiyo ushindi wa 100 kwa 0 ni mchezo mmoja tu uliopigwa nakala. Dawa ni kuandaa mikao 20 ya kuanzia, kila mmoja uchezwe mara mbili kwa kubadilishana upande: mechi 40. Programu 12 zikikutana zote ni jozi 66, yaani mechi 2,640. Kwa dakika moja kila mechi ni saa 44. Kwa sekunde 6 ni chini ya saa 5, zinakwisha usiku, asubuhi watu wanakuja kutazama fainali. Na fainali ikiisha 22 kwa 18, msishangilie sana: sarafu ukiirusha mara 40 hukupa matokeo ya aina hiyo bila taabu.

Wizi wa msimbo, pamoja na kuandikiwa na akili mnemba, haukomeshwi kwa vitisho. Mweke mwanafunzi mbele ya mkao, mwambie abadilishe thamani ya nyumba kwenye programu yake na atabiri itacheza nini. Dakika 3 zinatosha. Zawadi sina la kusema. Fedha kidogo na bando, watafurahi.

La mwisho ni kumbukumbu. Robert Axelrod wa Marekani aliendesha mashindano ya programu za mtanziko wa wafungwa, mchezo wa kuchagua kushirikiana au kusalitiana, matokeo yakachapishwa mwaka 1980. Programu fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport, ilishinda. Axelrod akaeleza kwa nini, akaalika watu tena; zikaja programu 62 ambazo waandishi wake walijua kilichotokea awali, na ile fupi ikashinda tena. Raundi ya pili ndiyo iliyoupa ushindi wa kwanza uzito, na isingewezekana kama kumbukumbu zingepotea. Kwa hiyo kabla ya kukaa huwa namuuliza mwandaaji: faili za mechi za mwaka jana ziko wapi, nikazisome? Akisema ziko kwenye flashi ya kijana aliyeshamaliza chuo, nakunywa soda yangu, naaga.