DABDA haishiki mtu mkono

Nyuma ya daftari la binamu yangu, lile alilotumia akisomea uuguzi Kitui, kuna neno limeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari mara tatu: DABDA. Nilidhani ni jina la jamaa fulani. Kumbe ni herufi za kwanza, kwa Kiingereza, za zile hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross: kukana, hasira, kupatana bei, huzuni, kukubali. Eti mtu akijua anakufa, hupitia hizo. Unakariri, unapita mtihani, unapata leseni.

Halafu unapangiwa zamu ya usiku.

Kifo chake cha kwanza kilimpata wodi ya wanawake, hospitali moja huko Makueni. Susu mmoja, saratani ya koo. Hakukana kitu, hakumkasirikia mtu. Aliuliza tu kama mvua imenyesha kwao, maana alikuwa ameacha ndengu shambani. Saa kumi usiku akamshika binamu mkono, akamwita "mwiitu", akakata roho. Binamu alifanya alivyofundishwa: akamfumba macho, akamnyoosha, akamfunga taya kwa bandeji, akaandika jina kwenye plasta, akamfunika. Kisha akaenda kupima presha ya kitanda kilichofuata. Kulia, alilia asubuhi ndani ya matatu ya Wote, na makanga akasahau kumdai nauli, ama alijifanya kusahau.

Kwa sababu yake nimekisoma kitabu chenyewe, On Death and Dying, cha 1969. Nilienda nikitaka kukichukia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na bado nina kinyongo na mambo ya kukariri. Lakini ukweli usemwe: kitabu si DABDA. Kübler-Ross, daktari wa akili mzaliwa wa Uswisi, alizunguka wodi za hospitali huko Chicago akitafuta mgonjwa anayekaribia kufa, ili wanafunzi wamsikilize. Akaambiwa hakuna. Hospitali nzima! Kurasa tamu zaidi ni mazungumzo aliyoyapata baadaye, mgonjwa akiongea anachotaka, akiruka kutoka kwa Mungu hadi kwa watoto wake. Hata hizo hatua, mwenyewe anasema zinaweza kukaa pamoja kwa wakati mmoja. Foleni tuliipanga sisi.

Nina ugomvi nacho, ndio. Kupatana bei kwake mara nyingi ni kati ya mgonjwa na Mungu. Kwetu kuna keshia pia. Mtu anaomba aruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu anahesabu bili, si kwa sababu amekubali kufa, na familia inajua mwili unaweza kuzuiliwa mochari mpaka harambee itoshe. Ndiyo maana MakueniCare ya 2016, shilingi 500 kwa familia kwa mwaka, inaniambia kitu kuhusu kufa ambacho kitabu hakiniambii. Muuguzi mpya anayesoma zile herufi tano usoni mwa mgonjwa anaweza kuita huzuni kitu ambacho ni hesabu tu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kingine. Katika ile semina ya Chicago, mgonjwa akimaliza kuongea alirudishwa wodini, na waliobaki walikaa wakaambiana walivyohisi wao wenyewe: nani aliogopa, nani alitaka kutoroka, nani alikumbuka mamake. Hiyo ilikuwa nusu ya somo! Tumechukua herufi tano tukaacha kile chumba. Herufi zinasahihishika kwenye karatasi ya mtihani. Chumba kinataka watu wawili au watatu waachwe huru kwa nusu saa, na jaribu kuomba hiyo wodini wakati muuguzi ni mmoja na vitanda vimejaa.

Nilimuuliza binamu nani alimsaidia basi. Akacheka. Usiku uliofuata, sista mkubwa wa zamu alimvuta kwenye stoo ya dawa, akammiminia chai kutoka kwa themosi yake, akarudisha mlango.

"Wangu wa kwanza alikuwa mtoto," akamwambia. "Wako alikuwa nani?"

Binamu akaanza na ile habari ya ndengu. Walikaa dakika tano hivi, kisha wakaitwa kitanda cha tisa.