Maji Kidogo kwa Mchanga Mweusi

Zege la Maskati hushambuliwa na joto na chumvi kwa pamoja. Joto hukausha maji kabla saruji haijashiba, vijitundu vikabaki. Chumvi ya bahari hupita humo hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, ikalipasua zege kutoka ndani.

Kwa hiyo nimeisoma kwa furaha kazi ya wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Al Khoudh, waliojaribu kutumia mavi ya shaba badala ya mchanga. Shaba ikiyeyushwa hutuama chini ya tanuri, na uchafu huelea juu. Ukienguliwa na kupozwa hugeuka punje nyeusi, nzito, zinazong'aa kama kioo. Huko Sohar, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyushia, yalikuwapo marundo yake. Bara ya Sohar kuna marundo mengine ya kale, maana Oman imeuza shaba tangu enzi ilipoitwa Magan.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unapunguza mchanga, unatia punje, unachanganya, unamimina kwenye kalibu, unaloweka, unasubiri siku 28, unavunja. Kisha unaanza upya kwa kipimo kingine. Matokeo waliyochapisha mwaka 2009 yalionyesha kwamba hata nusu ya mchanga ikibadilishwa, nguvu ya zege haitofautiani sana na ya zege la kawaida. Ukizidisha, inashuka.

Mimi sababu ndiyo iliyonikamata. Punje hizo hazinywi maji. Kipimo kinachotosha mchanga wa kawaida, hapa huacha maji mengi bila kazi. Zege linakuwa teketeke, linateleza vizuri, na fundi anafurahi kulimimina. Kumbe maji hayo yakiondoka ndiyo yanayoacha vijitundu. Basi wakapunguza maji, ulaini ukabaki uleule, na safari hii nguvu ikapanda hata mchanga mweusi ulipozidi. Taka haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ndoo.

Wazee wa Oman nao walijua kutafuta kipimo. Kwa saruji yao ya asili walipanga udongo wa mfinyanzi juu ya magogo ya mitende, wakachoma kwa siku kadhaa, wakasaga, wakachanganya na chokaa. Lipu hiyo ilishika hata ndani ya maji, ndiyo maana waliipaka kwenye mifereji ya falaji na kwenye ngome. Udongo uliochomwa huikamata chokaa. Mavi ya tanuri la chuma, ndugu wa yale ya shaba, yakisagwa laini nayo hufanya vivyo hivyo: huikamata chokaa inayoachwa na saruji ya kiwandani, yakaziba njia ya chumvi. Lakini huifanya kazi hiyo polepole. Zege lenye mavi hayo ya chuma lafaa lifunikwe magunia na kumwagiliwa siku nyingi kuliko la kawaida, na katika jua la Maskati msimamizi anayeyafunua mapema huipatia bahari ngozi laini ya kuanzia.