Mashujaa Wasioruka

Mwaka 1963 Stan Lee na Jack Kirby waliwapa watoto wa Marekani X-Men, kikosi cha wanafunzi watano: huyu macho yake yanatoa miali, yule ana mabawa mgongoni. Sisi tuliokulia kisiwa cha Takawiri, Ziwa Victoria, tulipata kikosi chetu mwaka 2010, na hakikuwa na bawa hata moja. Boyie, Maria Kim, Malkia na Charlie Pele walitufikia bure ndani ya Daily Nation, kwa boti ya kutoka Mbita, mara nyingi gazeti lenyewe likiwa la juzi. Katuni hiyo ni Shujaaz.

Nimeirudia sasa nikiwa mtu mzima, na ninachokivulia kofia ni ufundi wake. Boyie amemaliza shule, kazi hana. Anaunda mtambo wa redio chumbani, anavamia masafa ya FM kwa siri na kujiita DJ B. Wenzake watatu kila mmoja ana hadithi yake na shida zake. Mtunzi mvivu angewakusanya wote uwanjani wapigane na zimwi. Watunzi wa Shujaaz waliwaunganisha kwa sauti: redio ya Boyie ndiyo uzi unaoshona kurasa. Tena kipindi cha DJ B kilirushwa kweli kwenye vituo vya FM nchini. Kwa wavuvi wa omena, wanaokesha ziwani na taa zao na redio ndogo, kusemeshwa usiku na mtu usiyemwona hakukuwa jambo geni.

Halafu kuna vifaranga. Hadithi moja ilionyesha wakipakwa rangi kali ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Kisiwani kwetu mwewe hunyakua kifaranga mama akiwa papo hapo anaanika omena, kwa hiyo hatukuhitaji kuelezwa tatizo. Tazama basi ustadi: jambo ambalo afisa wa kilimo angelihubiri mpaka watu wasinzie limebebwa na rangi ya picha yenyewe. Unacheka kwanza, na kabla hujamaliza kucheka umeshaelewa.

Lugha ya Shujaaz ni Sheng, lugha ya vijana wa mjini. Sisi wa Kijaluo na Kisuba tuliisoma kwa kubahatisha, picha zikitufasiria, na zilitosha. Kuna kurasa ambapo somo linajitokeza mno, unahisi mfadhili amesimama nyuma ya mchoraji. Juha Kalulu, mhusika wa katuni ya Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo, hakuwa na haja ya kumfunza mtu. Yeye na mbwa wake Taska walikuchekesha, basi.

Shujaaz ilitunukiwa Emmy ya Kimataifa mwaka 2012, na ilistahili. Lakini kilichotolewa bure huishia kufungia mandazi. Kama una nakala za miaka ile ya mwanzo, ziweke pakavu, na umpe mtoto mmoja azisome kwa sauti.