Kifumbu Hakichuji Tu, Kinakamua

Chukua machicha yaliyobaki kwenye chujio la plastiki, yabinye kiganjani. Vidole vitateleza kwa mafuta na tone jeupe litachuruzika. Hilo ni tui ulilolilipia sokoni, na sasa linakwenda kwa kuku. Machicha yaliyokamuliwa vizuri kwenye kifumbu huachanachana kama pumba, hata kiganja haking'ai.

Tofauti hiyo inatokana na msuko. Kifumbu ni kifuko kinachosukwa kwa miyaa iliyolainishwa kwa maji, nayo hukaa mshazari. Ukikijaza nazi iliyokunwa, ukafumba mdomo, kisha mkono wa juu ukanyonga huku na wa chini kule, miyaa hujipanga upya. Kifuko huwa chembamba na hubana nazi pande zote kwa wakati mmoja. Ukilegeza, kinatanuka na machicha yanadondoka. Chujio la waya halina uwezo huo. Ukikandamiza kwa mwiko, machicha huziba matundu, na yaliyo juu hubaki na tui lake.

Na tui si maji yaliyochanganyika na nazi tu. Karibu theluthi ya uzito wa nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta, nayo yamefungiwa ndani ya chembe zake. Mbuzi ya kukunia nazi huzipasua chembe hizo. Maji na mkono unaofikicha huyatoa mafuta kwa matone madogo mno. Nguvu ya kukamua humalizia kazi. Ila maji yawe vuguvugu. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo nazi iliyotoka kwenye friji, au asubuhi ya baridi ya Arusha, itakunyima tui hata ukinyonga mpaka mikono iume.

Maji ya kwanza yawe kidogo sana, ya kulowesha tu. Hapo ndipo inapopatikana kasimile, tui zito la kumalizia mchuzi. Maji ya pili hutoa tui jepesi, la kupikia wali au kuivishia samaki. Anayemimina maji mengi tangu mwanzo hupata tui la aina moja, lisilo zito wala jepesi, na akijaribu kulirekebisha kwa kulichemsha muda mrefu, hukatika na mafuta yakaelea.

Kwa nazi iliyosagwa kwa blenda nisingetumia kifumbu. Unga wake ni laini mno, hupenya kwenye msuko na tui huwa na chengachenga. Hapo kitambaa safi cha pamba kinafaa zaidi, nacho kinanyongeka.

Kifumbu kioshwe papo hapo kwa maji ya moto, kikung'utwe, kianikwe juani mdomo ukiwa wazi. Kikilala na majimaji, mafuta yaliyonasa kati ya miyaa huchacha, na harufu hiyo itaingia moja kwa moja kwenye wali wa kesho.