Pongezi kwa Watoa Dawa wa Mtwara
Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha ukafika Mtwara, ukachukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Kwa watu wa Msimbati na Mahurunga, walio mbali na hospitali ya mkoa, hilo halikuwa jambo dogo. Katika maduka ya mpango huu, mtoa dawa lazima awe na mafunzo. Mtazame kazini: anageuza boksi la dawa mseto ya malaria asome tarehe ya kuisha muda, anauliza uzito wa mtoto, ndipo anaandika dozi kwenye bahasha. Na yule anayekataa kuuza antibiotiki isiyohitajika, huku mteja akinuna, anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Hongereni sana. Nasi wateja, tusiwashurutishe watuuzie nusu dozi.