Si Mchezo!: Jarida na Msomaji Wake

Majarida mengi ya mitindo ya maisha katika kanda yetu huanza na jalada: sura nzuri, rangi kali, herufi kubwa. Si Mchezo!, lililoanzishwa Tanzania mwaka 2003, lilianza na msomaji. Walengwa wake walikuwa vijana wa vijijini walio nje ya shule; jarida jingine la shirika hilohilo, Femina, lilichanganya Kiswahili na Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Ndiyo maana Si Mchezo! lilitumia Kiswahili chepesi na hadithi za picha, maneno ya wahusika yakiwa ndani ya picha zenyewe. Hata jina ni msemo wa vijiweni.

Hapo tunalisifu, na hapohapo tuna shaka. Misemo ya vijiweni haivuki Mutukula kwa urahisi. Mwanafunzi wetu hapa Uganda, aliyejifunza Kiswahili darasani, anamjua "rafiki", "mshikaji" humkwamisha. Jarida la kanda nzima lingeandikwa kwa Kiswahili kipi, basi? Wanafunzi wetu wakipewa zoezi la kubuni jarida, hukimbilia kupanga picha kwenye kompyuta. Swali hilo hatujaona hata kundi moja likilianza nalo.